Jina la Tawi: Jinsi Karatasi ya Banque du Congo Belge Ilivyogeuka Pesa Katanga

Wakusanyaji wa noti za zamani za Kongo huanza na picha. Hutafuta chui wa faranga 50, tembo wa faranga 100, wapiga kasia wa faranga 20, na bei hupanda kadiri karatasi ilivyobaki ngumu bila mkunjo. Mimi naona habari nyingi zaidi zimo mahali ambapo macho huparuka: katika jina la mji lililochapwa kwenye noti za mwanzo za Banque du Congo Belge, zile zenye tarehe za kuanzia mwaka 1912. Moja imeandikwa Elisabethville (Lubumbashi ya leo), nyingine Matadi, nyingine Kinshasa, nyingine Stanleyville. Rangi ni ileile, benki ni ileile, kiasi ni kilekile, ila mji unatofautiana. Katika jina hilo ndimo ulimofichwa ufundi wa shughuli nzima. Karatasi ya kampuni binafsi ya Brussels ilikubalika kuwa pesa mkononi mwa mtu wa Bukama, Kabongo au Kamina kwa sababu ilipangiwa njia ya kutoka na njia ya kurudi. Ilitoka ikiwa mshahara, ikarudi ikiwa kodi na malipo ya dukani, na jina la tawi ndilo lililoamua mzunguko huo uishie wapi. Dhahabu na nembo ya mfalme zilikuwa na kazi zake, lakini hazikuibeba noti hiyo hata hatua moja mashariki ya Matadi.

Kwanza tuiweke benki yenyewe mahali pake. Ilianzishwa Brussels mwezi Januari 1909, miezi michache tu baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo kutoka kwa Leopold II, kwa mtaji wa mabenki na makampuni yaliyozungukana na Société Générale, kundi lilelile lililokuwa na mkono katika kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga na katika reli. Mwaka 1911 serikali ilifunga nayo mkataba wa kuipa haki ya pekee ya kutoa noti katika koloni. Kwa hiyo kwa miaka 40, kuanzia 1912 hadi 30 Juni 1952, pesa ya karatasi ya nchi nzima ilikuwa ahadi ya kampuni yenye wanahisa na faida ya kugawana. Jambo hili husahaulika kwa sababu jina la benki linasikika kama jina la ofisi ya serikali. Haikuwa hivyo. Noti iliahidi kwamba benki ingemlipa mwenye kuileta, na aliyeahidi alikuwa mfanyabiashara.

Mfanyabiashara huyo alikuta Katanga ina pesa tayari, tena ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kienyeji, na ni kosa kubwa kuipita haraka. Katika bonde la Upemba, ndani ya Haut-Lomami ya leo, waakiolojia waliochimba makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin kuanzia mwaka 1957 na baadaye Pierre de Maret, walikuta misalaba ya shaba imezikwa pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo, mingi, na yenye vipimo vinavyokaribiana. Kitu cha heshima huweza kubaki kikubwa na cha pekee, bali kitu cha kulipia hupungua na kufanana, kwa sababu mpokeaji anataka kuhesabu asilazimike kupima kimoja kimoja. Watu wa Lomami, basi, walikuwa wakielewa kanuni za pesa karne nyingi kabla benki haijazaliwa: kipande kidogo, kinachofanana na mwenzake, ambacho jirani naye atakipokea. Wanaoandika kwamba noti ilichelewa kuenea kwa sababu wenyeji hawakuijua pesa wanapaswa kwenda kuyatazama makaburi ya Sanga. Noti ilichelewa kwa sababu haikuwa bado na sifa ambazo msalaba ulikuwa nazo.

Pesa ya pili ilikuwa pauni. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, Rhodesia, na nyuma yake Afrika Kusini. Mashine, makaa ya koki, unga wa kulisha wafanyakazi, wafanyabiashara na mafundi wenyewe, vyote vilipanda kwa njia hiyo, na vilinunuliwa kwa fedha za Kiingereza. Sheria ya koloni ilitaja faranga, lakini duka lililoagiza mali Bulawayo halikuwa na haja nazo. Hapa ndipo hoja ya kwamba amri ya serikali peke yake huumba pesa inapoanza kuyumba. Amri ilikuwepo Elisabethville, mahakama ilikuwepo, askari walikuwepo, na bado pauni iliendelea kutembea mchana kweupe, maana aliyekuwa na pauni aliweza kuirudisha kule ilikotoka akapata mali. Faranga nayo ilihitaji mahali pa kurudi.

Mahali hapo palijengwa kwa vitu viwili vilivyotokea karibu wakati mmoja. Mwaka 1910 kodi ya kichwa iliwekwa ilipwe kwa fedha, badala ya jasho na mazao kama ilivyokuwa enzi za Leopold. Mwaka huohuo iliundwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuandikisha wafanyakazi vijijini na kuwapeleka migodini, na Lomami ikawa moja ya sehemu walikotolewa watu. Mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi liliyeyusha shaba yake ya kwanza. Tazama vinavyofungamana: kijiji kinadaiwa fedha ambazo hakina, mgodi unazo fedha lakini hauna watu, na kati yao kuna benki inayochapa karatasi. Kijana anaondoka, anapewa noti, anarudi na noti, mzee anailipa kwa karani wa kodi, karani anaipeleka kwenye hazina ya wilaya, hazina inaiweka benki, na benki inamkabidhi tena mgodi kwa ajili ya mshahara wa mwezi ujao. Katika duara hilo hakuna mahali ambapo mtu alihitaji kuiamini Brussels. Alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba karani ataipokea.

Msomaji makini atauliza: mbona sarafu isingetosha? Kodi ingelipwa kwa faranga za fedha halisi, na mzunguko ungekuwa uleule. Swali ni zuri, na jibu lake limo katika uzito. Sarafu ya faranga 5 ya Kongo Huru ya Leopold, kama dada zake za Ubelgiji na Ufaransa, ilikuwa ya fedha na uzito wa gramu 25. Chukua kambi ya wafanyakazi 1,000 wanaolipwa faranga 20 kila mmoja kwa mwezi. Hizo ni faranga 20,000, yaani sarafu 4,000, yaani kilo 100 za sarafu zinazopaswa kusafirishwa, kulindwa, kuhesabiwa na kurejeshwa, kila mwezi, kwa kambi moja. Kiasi hichohicho katika noti za faranga 5 ni vipande 4,000 visivyozidi kilo chache, na karani mmoja anavibeba kwenye mkoba. Isitoshe, fedha iliyolala kwenye sanduku ndani ya meli au kwenye kichwa cha mpagazi haimzalii mtu riba. Kwa benki, kila sarafu iliyobadilishwa na karatasi ilikuwa mtaji uliofunguliwa. Kwa mgodi, ilikuwa gharama iliyofutwa. Nasisitiza hili kwa sababu faida ya noti haikuanzia kwa aliyeipokea, ilianzia kwa aliyeilipa, na historia yake lazima isomwe hivyo.

Lakini uzito mdogo una hatari yake. Karatasi nyepesi husafiri, na kinachosafiri huweza kutokea kwenye dirisha la benki lisilokuwa tayari. Hapo ndipo jina la tawi linapofanya kazi. Fikiria njia ya kutoka Elisabethville kwenda Matadi bila kutoka nje ya koloni kabla ya mwaka 1928. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Kutoka hapo mtu alipanda mashua kushuka Lualaba hadi Kongolo, akapanda garimoshi hadi Kindu, akarudi majini hadi Ponthierville, akapanda garimoshi tena kuyakwepa maporomoko hadi Stanleyville, kisha meli ya mtoni hadi Kinshasa, na mwisho reli ya Matadi. Mizigo ilishushwa na kupakiwa upya kila kituo. Sanduku la sarafu lililohitajika haraka Elisabethville lisingeweza kutoka Matadi. Lingefika haraka zaidi kwa kuzunguka kupitia Cape Town. Benki moja ilikuwa inahudumia nchi ambazo kibiashara zilikuwa mbalimbali. Kwa kuandika Elisabethville juu ya noti, ilifunga ahadi yake kwenye kaunta moja: akiba ya Katanga ilipangwa kwa kukadiria noti za Katanga, na msukosuko wa bei huko chini mtoni haukuweza kuja kuikausha. Tazama pia miji iliyochaguliwa. Matadi ni mlango wa bahari. Kinshasa ni mahali reli inapokutana na mto. Stanleyville ni mahali mto unapokutana tena na reli. Elisabethville ilikuwa, noti za kwanza zilipotoka, karibu na mwisho wa reli ya kusini. Orodha ya matawi kwenye noti ni ramani ya sehemu ambazo mizigo ilibadilisha chombo.

Kuna anayepinga na kusema jina la tawi lilikuwa utaratibu wa vitabu tu, njia ya mhasibu kujua noti zipi zimetolewa wapi. Sikatai kwamba lilisaidia vitabu. Ila utaratibu wa vitabu ungetoshelezwa na herufi ndogo kando ya namba ya noti, ambayo mhasibu anaiona na mtu wa sokoni haioni. Benki ilichagua kuliandika jina zima lisomeke na kila mwenye noti. Maandishi yaliyo wazi namna hiyo humlenga yule anayeishika, na yanamwambia aende wapi kudai. Hoja yangu inapata nguvu zaidi kutokana na yaliyofuata. Mwaka 1928 Mfalme Albert alizindua reli ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, zaidi ya kilomita 1,100, na Kamina ikawa stesheni kwenye uti huo. Kwa mara ya kwanza Katanga ilishikana na mto Kasai, na kupitia Kasai na Kinshasa, bila kuzunguka Stanleyville wala nchi za Waingereza. Kufikia miaka ya 1940 mgawanyo ule wa noti kwa matawi ulikuwa umetoweka. Najua kufuatana si kusababishana: katika miaka hiyohiyo serikali ilihamia Léopoldville, na mawasiliano ya simu yalikuwa yamerahisisha mambo mengi. Hata hivyo ukuta uliowekwa kwa sababu ya umbali una haki ya kubomolewa umbali unapopungua, na Kamina ilikuwa mahali hasa palipopunguza umbali huo. Mshahara uliolipwa hapo uliweza kurudi kwa njia mbili, kusini kiasi cha kilomita 600 hadi Elisabethville au kaskazini-magharibi kuelekea Kasai. Mji wa njia panda hauwezi kutumia noti ya upande mmoja.

Jambo jingine la ufundi lisilopewa uzito ni ukubwa wa kiasi. Noti za faranga 20 na 100 zilikuwa za wafanyabiashara. Mfanyakazi aliyepewa noti moja ya faranga 20 alikuwa amepewa tatizo, kwa sababu sokoni hakuna wa kumvunjia, na mwenye duka aliyekuwa na chenji aliweza kumkata. Noti ya faranga 5, na hasa ile ya faranga 1 yenye tarehe ya Oktoba 1914, ndizo zilizoifikisha karatasi kwa watu. Vita ilipoanza sarafu zilianza kufichwa kila mahali duniani, na benki ikaziba pengo kwa karatasi ndogo. Lililoletwa na dhiki likageuka ufunguo. Faranga moja ndiyo iliyokaribia kazi ya msalaba mdogo wa shaba: kipande ambacho mama muuza unga anaweza kukipokea na kukitoa bila kukosana na mtu. Ingekuwa juu yangu kuchagua noti moja ya kuonyesha shuleni Kamina, ningeiacha ya tembo na kuichukua hiyo ya faranga 1.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, mzunguko wote huu si nguvu tupu? Ondoa kodi ya kulazimishwa, ondoa uandikishaji wa vijijini ambao mara nyingi haukuwa wa hiari, na noti isingekuwa chochote. Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hilo, na sitaki uchambuzi wa ufundi uwe pazia la kufunika dhuluma iliyouendesha. Watu walikufa kwa magonjwa katika kambi hizo za mwanzo, na noti iliyomfikia mzee wa Lomami ilikuwa imelipiwa kwa mwili wa kijana wake. Lakini nguvu inaeleza kwa nini watu waliihitaji faranga, haielezi kwa nini faranga ya karatasi ya benki hii ilidumu wakati nyingine zilianguka. Jirani yetu wa mashariki anatoa kipimo. Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1905, nayo ilikuwa benki binafsi yenye haki ya kutoa noti za rupia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, nayo ilikuwa na kodi, mashamba ya mkonge na askari nyuma yake. Vita ilipokata meli kutoka Ulaya ilianza kuchapisha noti za muda papo hapo nchini, na Tabora, kwenye karakana ya reli, zikapigwa sarafu za shaba ya njano na shaba nyekundu, hata dhahabu ya rupia 15 mwaka 1916. Mwisho zilikuja noti za porini za mwaka 1917, zilizochapwa kwa herufi za mpira. Wajerumani hawakupungukiwa na ukali kati ya mwaka 1914 na 1917. Walichopoteza ni ardhi ya kutoza kodi na reli ya kuzungushia noti. Septemba 1916 Force Publique, jeshi la koloni ya Kongo, iliingia Tabora, na askari wake walilipwa kwa faranga. Katika Ruanda na Urundi faranga hiyo ikachukua nafasi ya rupia. Nguvu zilikuwepo pande zote mbili, bali njia ya kurudi ilibaki upande mmoja.

Vita ya pili iliipima hoja hii kwa namna nyingine. Mei 1940 Ubelgiji ilivamiwa, na makao makuu ya benki yakawa ndani ya nchi iliyokaliwa na adui. Kama noti ingekuwa inasimama juu ya Brussels, ingeanguka mwezi huo. Haikuanguka. Mnamo Januari 1941 serikali ya Ubelgiji iliyokuwa uhamishoni London ilikubaliana na Uingereza kuifunga faranga ya Kongo kwa pauni, faranga 176.625 kwa pauni moja, na shaba, bati na mpira vikaendelea kuuzwa kwa washirika. Mfululizo mpya wa noti ulitoka, wenye wanyama na wacheza ngoma. Mahali pa matawi palichukuliwa na namba za matoleo: la pili, la tatu, la nne, na kuendelea. Hesabu ilikuwa imegeuka. Mwanzoni benki ilitaka kujua noti italipwa wapi. Sasa ilitaka kujua ilitolewa lini, ili ikibidi toleo zima liondolewe bila kuyagusa mengine. Mwaka 1943 ilifika pia sarafu ya faranga 2 yenye pembe sita, ya shaba ya njano, iliyopigwa Philadelphia, Marekani. Upande mmoja kuna tembo. Jina lililoizunguka si la mfalme wala la koloni, ni Banque du Congo Belge, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Kampuni binafsi ilikuwa imeliweka jina lake juu ya chuma cha taifa, na watu waliipokea kwa sababu walikuwa wameipokea karatasi yake kwa miaka 30.

Tarehe 1 Julai 1952 kazi ya kutoa noti ilihamia Benki Kuu ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Hapa kuna ushahidi ambao sijaona ukitumiwa vya kutosha. Benki ya zamani haikufilisika. Iliendelea kupokea amana na kukopesha, ikawa Banque du Congo mwaka 1960, Banque Commerciale Zaïroise mwaka 1971, Banque Commerciale du Congo mwaka 1997, na mwaka 2020 ikaunganishwa na benki tanzu ya Equity ya Kenya nchini Kongo kuwa EquityBCDC. Sifa yake ya biashara haikupungua hata siku moja mwaka ule wa 1952, na bado noti zake ziliacha kuwa pesa. Kama noti ilisimama juu ya sifa ya benki, wanavyosema baadhi ya wanahistoria wa mabenki, basi isingepaswa kufa wakati sifa iko hai. Ilikufa kwa sababu hazina na karani wa kodi sasa walielekeza mzunguko kwenye kaunta nyingine.

Linabaki tatizo la ushahidi wenyewe, na ni kubwa. Noti tulizo nazo leo, kwenye mikusanyo ya Brussels, Lubumbashi au kwa watu binafsi, ni zile ambazo hazikurudi. Zilizofanya kazi vizuri ziliingia benki, zikatobolewa, zikachomwa. Kwa hiyo mkusanyo wowote unatuonyesha zaidi kushindwa kwa mzunguko kuliko kufaulu kwake, na noti safi isiyo na mkunjo, ile ya bei ya juu mnadani, ndiyo yenye ushuhuda mdogo kupita zote, maana huenda haijawahi kulipia chochote. Ushuhuda mzuri uko kwenye noti ya faranga 1 au 5 ya Elisabethville iliyochakaa kwenye mikunjo minne, yenye doa la mawese, na kwenye ile yenye matundu ya kufutwa inayoonyesha ilifika kaunta. Anayeorodhesha noti hizo aandike tawi, tarehe, mikunjo na matundu kwenye mstari mmoja, kisha aziweke pamoja na miaka ambayo reli ilifika Bukama, Kamina na Ilebo. Orodha ya namna hiyo, yenye noti mia mbili tatu zilizochakaa, itaweza kuonyesha kama noti za Elisabethville zilipanda kweli kaskazini kadiri reli ilivyosonga, au kama zilizunguka migodini tu huku vijiji vya Lomami vikilipa kodi kwa sarafu.